Mashimelo yenye vitamini: nimejaribu hapa Ujiji, na kuna vitu viwili sitavitia tena

MamaPovu_Ujiji (mleta uzi)

Habari zenu wana jamvi.

Natengeneza mashimelo nyumbani hapa Ujiji, huu mwaka wa tatu. Kwa asiyeyajua, ni zile pipi laini mfano wa sponji, nyeupe au za waridi, ukizibonyeza zinarudi. Nauza kwenye maduka machache ya Mwanga na Katubuka, na napata oda za sherehe za watoto. Mwaka jana mwalimu mmoja wa chekechea ambaye ni mteja wangu aliniambia neno likanikaa kichwani: "Mama, uji wa lishe watoto wanaumwaga, pipi zako wanazigombania. Si utie vitamini humo humo?"

Nikaona anasema kweli. Kutia virutubishi kwenye chakula si jambo geni nchini. Chumvi inatiwa madini joto. Tangu kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani unatakiwa kutiwa madini chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12, na mafuta ya kula vitamini A. Udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 34 kwenye utafiti wa kitaifa wa 2015-16, ukashuka hadi asilimia 30 mwaka 2022. Bado ni watoto watatu katika kila kumi. Basi nikajiuliza, pipi inayopendwa hivi kwa nini isisaidie?

Nianze na mawese, maana ndipo nilipoanzia. Mashimelo ni povu. Jelatini, ule unga wa kugandisha unaotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, unailoweka kwenye maji baridi mpaka ivimbe, sukari na glukosi ya maji unachemsha hadi kipimajoto kisome kama nyuzi 115, unamimina juu ya jelatini, halafu mashine inapiga mpaka beseni lijae mara tatu ya ulivyoanza. Nikasema, sisi watu wa Kigoma vitamini A tukaitafute wapi na mawese yamejaa sokoni? Nikachukua kijiko kimoja cha mawese mabichi, yale mekundu hasa, nikayadondoshea povu likiwa limeshasimama. Hata dakika haikuisha. Povu lilibonyea katikati, likaanza kuteremka kwenye kingo za beseni, likabaki uji wa rangi ya chungwa unaonata chini. Nilirudia mara tatu, tena mara ya mwisho kwa nusu kijiko cha chai. Jibu likawa lile lile. Mafuta yanapasua utando wa jelatini unaoshikilia hewa, na hewa ikishatoka hakuna mashimelo.

Nikahamia vitamini C ya unga. Hii ilikubali vizuri, ikaleta na ukakasi mtamu kama wa embe changa. Tatizo lilikuja wiki ya tatu. Mashimelo meupe yalianza kugeuka manjano pembeni, kisha rangi ikaingia ndani mpaka yakafanana na karatasi za daftari la zamani. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba vitamini C inaharibiwa na hewa, joto na mwanga, na mimi nilikuwa nimeiweka ndani ya pipi ambayo sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa.

Sasa nieleze kosa langu. Nilisaga vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini chuma, pamoja na vya vitamini mchanganyiko, nikachekecha, nikachanganya na sukari ya unga, nikatia kwenye mchanganyiko mmoja wa majaribio. Vipande vilitoka na vidoadoa vya kijivu na ladha ya msumari ulimini. Nikavifungia kwenye kopo juu ya friji, nikiwa na nia ya kuvitupa. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka minne, mimi ni shangazi yake, akapanda kiti akalifikia kopo. Nilipohesabu vilivyobaki niliona amekula vipande 19.

Nilimkimbiza zahanati. Muuguzi alinisikiliza, akauliza swali moja tu: "Kila kipande kina miligramu ngapi za chuma?"

Sikujua. Nilijua nimesaga vidonge vingapi, lakini kipande kipi kimebeba kiasi gani hakuna ajuaye, kwa sababu unga wangu haukuchanganyika sawasawa. Mtoto alitapika mara mbili, akapata choo cheusi siku mbili, akarudi kucheza. Mimi sijarudi nilikokuwa. Vitamini A na madini chuma sitavitia tena kwenye pipi, hata nikipewa mizani ya maabara.

Hoja yangu ni hii, naomba muijadili. Chumvi imefaa kubeba madini joto kwa sababu ina kikomo. Uvinza hapa jirani watu wamechemsha chumvi tangu enzi za mababu, na hakuna mtoto aliyewahi kula nusu kilo ya chumvi kwa sababu imemnogea. Mchuzi ukizidi chumvi mtu anatema. Pipi haina kikomo hicho. Ndiyo maana namwona mwalimu wangu alisema kweli nusu.


KijanaWaKibirizi

Dada hongera kwa kusema ukweli, ila hapo kwenye kikomo napingana na wewe. Mimi naenda Mpulungu na bidhaa mara kwa mara. Zambia sukari ya dukani ina vitamini A, na wameanza tangu 1998. Guatemala walianza miaka ya sabini huko. Sukari si ni tamu kuliko mashimelo yako? Kama ingekuwa hatari wangeacha.


MamaPovu_Ujiji

Ahsante mdogo wangu, umenifikirisha, nililala na hilo swali. Ninavyoona mimi, sukari ya nyumbani iko mkononi mwa mama. Anaitia kwenye chai kwa kijiko, mfuko unajulikana unaisha lini. Serikali inapima kaya moja inatumia kiasi gani kwa siku, ndipo inapanga kiwango, tena kidogo kidogo kwa kila kilo. Pipi inanunuliwa na mtoto mwenyewe kwa hela yake ya shule. Leo moja, kesho kumi.

Na kuna jambo la pili. Mafuta yameshatiwa vitamini A. Mtoto huyo huyo anapewa na matone kliniki. Nami nikiongeza kwenye pipi, nani atajumlisha?


Mnyamwezi_wa_Isevya

Mwangaluka dada wa Ujiji. Niko Tabora, nafuga nyuki upande wa Sikonge. Nina mambo mawili.

La kwanza ni joto. Mzigo wako ukitoka huko kwenda Dar au Mwanza unapita hapa kwetu stesheni, na nimeona behewa linavyokuwa mchana wa Oktoba. Jelatini inaanza kulegea kwenye nyuzi thelathini na kitu. Hiyo vitamini uliyoipima Ujiji ikifika Mwanza imebaki nusu au imebaki jina, huwezi kujua. Unga wa ngano hauna shida hiyo sana maana ni mkavu.

La pili ni asali. Badala ya glukosi ya maji jaribu asali ya miombo. Inazuia sukari isigande na inashika unyevu, mashimelo yanakaa laini. Sisemi ina vitamini nyingi, wauza asali wenzangu wanatia chumvi sana hapo. Vitamini kwenye asali ni kidogo mno. Nasema kwa ajili ya ladha na kuganda tu. Na uandike kwenye pakiti kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe.


Nesi_Kasulu

Mleta uzi pole sana, na ahsante kwa kumkimbiza mtoto mapema. Wengi wanakaa nyumbani wakimpa maziwa mpaka jioni.

Naomba nisaidie upande wa vitamini A kwa sababu najua kuna mtu atauliza. Kikomo cha retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari, kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ni maikrogramu 600 kwa siku, na wa miaka minne hadi minane ni 900. Mahitaji yake ni 300 na 400. Mwone jinsi nafasi ilivyo finyu kati ya kinachotakiwa na kinachozidi.


Fundi_Saa

Nesi samahani, mimi si mtaalamu. Kile kidonge chekundu anachokamuliwa mtoto mdomoni mwezi wa sita na wa kumi na mbili kimeandikwa yuniti 200,000. Hiyo si ni zaidi ya kikomo mara mia? Mbona hakimdhuru?


Nesi_Kasulu

Swali zuri kaka. Yuniti 200,000 ni sawa na maikrogramu 60,000, kwa hiyo hesabu yako ni sahihi kwa mtoto mdogo. Tofauti ni kwamba kile kinatolewa mara moja kwa miezi sita. Ini linakihifadhi na kukitoa taratibu. Baadhi ya watoto wanaumwa kichwa au wanatapika siku hiyo, kisha basi. Kinachoumiza ini ni kuzidisha kila siku kwa miezi. Na pipi ndiyo kitu cha kila siku.

Carotini, yaani ile rangi nyekundu ya mawese na ya chungwa ya viazi lishe, ni habari nyingine. Mwili unaigeuza kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji, iliyobaki haileti sumu. Mtoto akila sana ngozi inageuka manjano kidogo, basi. Kwa hiyo mawese mekundu kwenye maharage yawekeni, ila msiyachome mpaka yawe meupe. Wekundu ukishaondoka jikoni, carotini nayo imekwenda.

Upande wa chuma kuna jambo zito zaidi ambalo mleta uzi hakuligusa. Utafiti uliofanyika Pemba na kutangazwa mwaka 2006 uliwapa watoto wadogo vidonge vya chuma na foliki asidi katika eneo lenye malaria nyingi. Waliopewa walilazwa au kufariki zaidi ya wasiopewa. Ndiyo maana sasa Shirika la Afya Duniani linataka chuma cha vidonge kitolewe pale ambapo malaria inakingwa na kutibiwa. Chuma kilichomo kwenye chakula, kidogo kidogo, si sawa na cha kidonge. Lakini mtu asiye na kipimo akisaga vidonge akavitia kwenye pipi, hapa Kigoma na malaria yetu, anacheza na kitu asichokiona.

Halafu jamani, mashimelo kwa mtoto wa chini ya miaka minne yanakaba koo. Yanavimba kwa mate, yanaziba kama kizibo. Yakatwe vipande vidogo, na mtoto akae chini akila.


Bint_Bangwe

Naomba niulize kabla hatujafika mbali. Hiyo jelatini ni ya nini? Chanzo chake kikubwa duniani ni ngozi ya nguruwe. Ujiji wateja wengi ni Waislamu, mimi sijawahi kununua mashimelo ya dukani kwa sababu hiyo tu.


MamaPovu_Ujiji

Mdogo wangu, natumia ya ng'ombe yenye alama ya halali, naagiza Dar inakuja na treni. Ikikosekana sipiki, hata wiki mbili. Nimesoma kwamba hata ngozi za samaki wa maji ya joto zinatoa jelatini inayokaribia ya ng'ombe kwa kuganda. Nikiona ngozi za sangara na sato zinavyotupwa natamani mtu angeanzisha.


Jiko_la_Vipimo

Nimesoma sayansi ya chakula SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, sasa nipo kwenye kiwanda kidogo cha biskuti. Dada, ulichokosea si kutia vitamini. Ulikosea kwenye kupima na kwenye wakati wa kutia. Ngoja nieleze kwa sababu wapo watakaojaribu hata ukiwakataza.

Mchanganyiko wako tuseme unatoa vipande 100 vya gramu 7. Ukitaka kila kipande kiwe na miligramu 5 za vitamini C, unahitaji nusu gramu kwa beseni zima. Mizani nyingi za jikoni zinaanza kusoma gramu moja. Vitamini A ni mbaya zaidi: maikrogramu 60 kwa kipande ni miligramu 6 kwa beseni zima, huwezi hata kuiona kwenye kijiko. Kiwandani hatupimi vitamini yenyewe. Tunanunua premiksi, yaani vitamini iliyokwisha kuzimuliwa na wanga, nasi tunaizimua tena: sehemu moja kwa kumi ya sukari ya unga, changanya, kisha hiyo yote kwa kumi nyingine. Ukirusha unga mdogo kwenye beseni kubwa moja kwa moja unapata kile ulichokipata, doa hapa lina vitamini kumi, doa pale halina kitu.

Wakati wa kutia: sharubati ya sukari ikishapoa chini ya nyuzi 60, povu likiwa karibu kukamilika, vitamini iwe imeyeyushwa kwenye maji kidogo. Ukiitia kwenye sufuria ya 115 unaipika. Na asidi usiichemshe na jelatini, inaivunja nguvu, mashimelo yanakuwa ya kunyong'onyea.

Mawese yako yalishindwa kwa sababu ni mafuta huru. Kiwandani vitamini A inakuja kama vijipunje vikavu vilivyofunikwa kwa wanga au jelatini, vinakaa kwenye maji bila kuvunja povu. Kwa hiyo inawezekana. Lakini hapo hapo niseme nakubaliana na uamuzi wako. Hata Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, tangu sera ya mwaka 1980 inasema haioni kuwa inafaa kurutubisha vitafunwa kama pipi na soda. Inawezekana na inafaa ni maswali mawili tofauti.

Jambo la mwisho, viwanda hutia zaidi ya kilichoandikwa kwenye pakiti ili hata baada ya miezi kadhaa dukani kiasi kilichoandikwa kiwepo. Maana yake pakiti mpya ina zaidi. Kwa vitamini C si kitu. Kwa vitamini A ni kitu.


KijanaWaKibirizi

Hapa nimeelewa. Narudisha neno langu la sukari.


Mama_Dagaa

Jamani mimi nauza dagaa, nisionekane navutia kwangu. Mtoto apewe dagaa wakavu waliosagwa kwenye uji. Analiwa mzima na mifupa yake, kalisi imo, chuma kimo, zinki imo. Tunahangaika na pipi ya nini?


MamaPovu_Ujiji

Dada yangu wa dagaa, niko na wewe, uji wa nyumbani kwangu una dagaa. Ila watoto watakula pipi tukitaka tusitake, na mimi ndiye ninayezitengeneza. Siwezi kujiondoa kwenye hesabu.

Nimekaa na maelezo yenu wiki nzima. Nimejiwekea kipimo kimoja nikakiita kipimo cha vipande 19. Chochote ninachotia, najiuliza: mtoto wa miaka minne akila 19 kwa mkupuo, kisha akarudia kesho, itakuwaje? Vitamini C miligramu 5 kwa kipande inatoa 95. Mahitaji ya umri huo ni 25 na kikomo ni 650, inapita. Vitamini A ya maikrogramu 60 inatoa 1,140, imevuka kikomo. Chuma sihesabu hata.


Nesi_Kasulu

Kipimo kizuri mno. Sasa dada yangu, usiniudhikie, hebu pitisha na sukari yenyewe kwenye kipimo hicho.


MamaPovu_Ujiji

Nimefanya jana usiku. Vipande 19 vya gramu 7 ni gramu 133, na karibu sehemu nne kati ya tano za uzito ni sukari na glukosi. Inakuja gramu 106. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtoto anayekula kalori 1,200 ni gramu 30. Kwa hiyo kitu cha kwanza kufeli kipimo changu ni kile ambacho nimekuwa nikikitia siku zote bila kujiuliza.

Pakiti yangu ilikuwa na vipande 12. Kuanzia mwezi huu ni vipande vitatu, kama gramu 17 za sukari, na bei nimeshusha kwa uwiano. Mwenye duka mmoja wa Mwanga amenikatalia, anasema pakiti ndogo haijazi rafu. Wawili wamekubali.


Mnyamwezi_wa_Isevya

Na ile vitamini C utaendelea kuinunua ya unga?


MamaPovu_Ujiji

Najaribu ubuyu. Unakuja na treni kutoka Dodoma, naupepeta kwenye chekeche la kitambaa mara mbili, maana nyuzi zake zinalemaza povu na kulifanya la chengachenga. Natia mwisho kabisa, povu likiwa vuguvugu. Ukakasi wake unapendeza kuliko unga wa dukani, na mashimelo yanatoka na rangi ya maziwa yaliyochovywa chai, kwa hiyo hata yakigeuka manjano hayashtui. Kiasi cha vitamini kwenye ubuyu kinatofautiana mti na mti, kwa hiyo sitaandika namba ambayo sijaipima.


Jiko_la_Vipimo

Hapo umefanya sawa. Ukiandika "ina vitamini C" TBS, shirika la viwango, watataka majibu ya maabara. Ukiandika "ya ubuyu" umesema ladha. Pitia SIDO Kigoma, shirika la viwanda vidogo, kwanza wakupe barua ya utambulisho, itakurahisishia usajili.


Bint_Bangwe

Dada nina harusi ya mdogo wangu mwezi ujao na kutakuwa na watoto kama sitini. Naweza kupata hayo ya ubuyu? Na yule mwalimu wa chekechea umemjibu nini?


MamaPovu_Ujiji

Mwalimu nilimwendea mwenyewe. Nilimwambia pipi ziwe za Ijumaa, kipande kimoja kimoja, zikatwe. Uji tumekubaliana tuutengeneze pamoja, dagaa wasagwe laini na sukari ipungue, kwa sababu tulipouonja wote wawili tuligundua watoto walikuwa wanaumwaga kwa sababu ulikuwa unaungua chini kila siku. Sufuria lilikuwa jembamba. Nimemwazima langu zito.

Ya harusi yapo. Jelatini inafika Alhamisi, nitafute inboksi uniambie tarehe, nami nitafunga vitatu vitatu.